Noisome Si Noisy

Nahariri ripoti na barua za watu hapa Nairobi, na kinachonichelewesha zaidi si sarufi. Ni vivumishi vya Kiingereza vilivyofanana kama pacha. Kompyuta haipigi mstari mwekundu, maana tahajia ni sahihi. Neno ndilo silo.

Wengi hufundishwa maneno haya mawili mawili. Sikubaliani na njia hiyo. Ukiyakariri pamoja yatakujia pamoja, na wakati wa kuandika hutajua lipi ni lipi. Lipe kila neno kitu chake unachokijua, ulizoee peke yake.

Noisome halihusiani na kelele. Lina asili moja na annoy, yaani kuudhi, na siku hizi husemwa hasa juu ya harufu mbaya. Matatu za Rongai ni noisy. Jaa la Dandora ni noisome. Pita huko siku ya jua, kamusi utaiacha nyumbani.

Tortuous ni barabara ya kuteremkia Mai Mahiu na kona zake, au maelezo ya mtu anayezungukazunguka asifike. Torturous ina torture, yaani mateso, ndani yake, imedondosha e tu. Hilo liwekee vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la serikali hapa Nairobi walikoteswa wapinzani. Yote mawili yametokana na neno la Kilatini la kusokota, ndiyo maana hata wasomi huyachanganya.

Venal na venial ndiyo ninayoyapenda, kwani yanatofautiana kwa i moja tu. Mkatoliki ana nafuu hapa: venial ni dhambi ndogo, isiyo ya mauti, na asili yake ni msamaha. Venal asili yake ni kuuza. Ndiye afisa wa kitu kidogo, yaani hongo. Ukimwandika venial, umeshamsamehe kabla hata hajashtakiwa!

Turbid ni maji yaliyotibuka, kama ya Mto Nairobi mvua ikinyesha. Turgid ni kilichovimba, hotuba ikiwemo. Discrete, yaani vitu vilivyo mbalimbali, t imezitenganisha e zake mbili. Discreet, mtu wa kutunza siri, e zake zimekaa pamoja.

Halafu kuna ingenious, mbunifu, na ingenuous, asiye na hila, anayeamini upesi. Kama ni barua ya kumpendekeza mtu kazini na una shaka hata kidogo, achana nayo yote mawili. Andika clever.