Kaka wa Makambako, Mpeleke Binti Uwanjani

Wiki iliyopita baba mmoja wa Makambako aliniandikia. Binti yake ana miaka 10, kila jioni anacheza chandimu, mpira wa mtaani, na kaka zake, na sasa anataka kuingia timu ya watoto. "Dada, majirani wanasema nitamharibu mtoto. Wewe uliwezaje?" Msimu wa kwanza wa binti yangu umeisha juzi tu, kwa hiyo ninayo ya kumjibu.

Ya majirani tuyamalize haraka. Mwaka 2022 mabinti wetu wa Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Taifa Stars, timu yetu ya wanaume, hawajawahi kucheza Kombe la Dunia mpaka leo. Anayesema mpira si wa watoto wa kike, mwambie hivyo, kisha endelea na shughuli zako.

Kilichoniumiza mimi si majirani, ni kocha. Timu ya kwanza niliyompeleka ina jina hapa Mbeya: jezi safi, njumu mpya, picha kila wiki. Iliitwa timu ya chini ya miaka 12, lakini walioanza mechi wengi walikuwa vijeba, yaani waliopunguziwa umri, wengine sauti zimeshavunjika. Mwanangu alikaa benchi mechi baada ya mechi, na mnaoijua baridi ya Uyole ya mwezi wa saba mnajua kukaa benchi asubuhi ile ni adhabu. Jumamosi moja tulikuwa tunaongoza kwa mabao matano. Akaambiwa apashe misuli, akapasha, akavua jaketi, kisha akaambiwa arudi kukaa. Nikamfuata kocha kwa heshima zote: "Mwalimu, huyu mtoto ataingia lini?" Akanijibu bila kunitazama, "Mama, hapa tunatafuta kombe."

Kombe! Kwa watoto wa darasa la tano! Maneno yale bado yananichoma.

Nikamhamishia timu isiyo na jina lolote, inayofanya mazoezi nyuma ya shule ya msingi, magoli hayana nyavu. Kocha ni mwalimu mstaafu na sharti lake ni moja: kila aliyekuja anacheza. Wanacheza saba kwa saba kwenye uwanja mdogo, na mpira ni namba 4, ambao hauzidi gramu 390. Namba 5 wa wakubwa unafika gramu 450, na mguu wa mtoto unaujua uzito huo. Saba kwa saba hakuna pa kujificha, mpira unamfikia kila mtu. Mwanzo walifungwa vibaya. Mechi za katikati sizisimulii.

Ila hii nitaisimulia. Walicheza na watoto wa Tukuyu, mji wa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1986, na mpira kule uko damuni. Winga wao alikuwa mwepesi, ameshawapita wachezaji wetu wengine wote. Binti yangu, beki wa kulia, alimsubiri, hakukurupuka, akamnyang'anya mpira bila kumgusa mguu na kutoa pasi. Vijana wa bodaboda waliosimama pembeni wakapiga kelele, "Mwanamke wa shoka!" Mechi iliisha 1-1. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kwa hiyo, kaka yangu, tafuta kocha, usitafute timu. Nenda mazoezini kabla hujalipa hata shilingi, umuulize: mwanangu atacheza? Akianza kukuhesabia makombe, ondoka. Tazama wanaokaa benchi: ni walewale kila mechi? Ondoka. Na wazazi wenzangu, acheni kupunguza umri wa watoto. FIFA walianza kupima vifundo vya mikono kwa MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, ili kuwabaini waliozidi umri, mwaka 2009 kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17. Huku kwetu kipimo ni cheti cha kuzaliwa na dhamiri ya mzazi. Ukipeleka kijeba, umemwibia mtoto wa mwenzako nafasi. Umemwibia!

Mechi ikianza, nyamaza. Mtoto anayesikia "piga!" kutoka kwa baba na "tulia!" kutoka kwa kocha atafanya lipi?

Uliniuliza pia kuhusu njumu. Za mtumba zinatosha, chagua zenye meno ya plastiki, na nenda na binti mwenyewe azijaribu akiwa amevaa soksi nene. Kinga za ugoko usimwache akakosa.