Nililia nikikandwa shingo. Je, ni kweli huzuni hukaa kwenye misuli?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Huu ni mwezi wa nne mabega na shingo vimenikaza. Naamka asubuhi kama niliyebeba gunia usiku kucha. Wiki iliyopita nilikwenda kukandwa kwa mara ya kwanza maishani. Mkandaji alipofika kisogoni machozi yakaanza kunitoka, na sikujua nalilia nini. Akaniambia ni majonzi yaliyoganda kwenye misuli, lazima abonyeze zaidi ili yatoke yote. Akabonyeza, nikaumia sana, nikanyamaza. Siku tatu sikuweza kugeuza shingo. Alichosema ni kweli? Nirudi kwake? Mwaka jana nilifiwa na mama yangu, sijui kama linahusika.

JIBU: Dada yangu, pole kwa msiba na pole kwa maumivu. Naamini linahusika, ila si kwa namna uliyoelezwa.

Fikiria neno ambalo mfiwa huambiwa kila siku: jikaze. Mtu anayejikaza kwa miezi hukaza kweli, tena bila kujua. Kuna msuli mpana unaotoka kisogoni, unatandaa hadi begani na kushuka mgongoni. Vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha kuwa huo huanza kufanya kazi hata mtu akiwa ameketi tu, akipigishwa hesabu ngumu kichwani. Hofu, huzuni na usingizi wa mang'amung'amu navyo huweza kuchangia. Kwa hiyo ukiukanda hukuti majonzi yaliyoganda humo, bali msuli uliochoka kwa sababu ubongo unaendelea kuuamuru ukaze.

Sasa machozi yametoka wapi? Katika ngozi yenye vinyweleo kuna neva nyembamba ambazo kazi yake ni kupokea mguso wa taratibu. Huitikia vizuri zaidi mkono wenye joto la kawaida la ngozi, unaosafiri kama sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Ukienda kasi kuliko hapo, au polepole mno, mwitikio wake hupungua. Habari zake hufika katika eneo la ubongo liitwalo insula, linalohusika na jinsi tunavyojihisi kwa ndani. Mwombe mtu unayemwamini apitishe kiganja kutoka kwenye kiwiko chako hadi kifundo cha mkono kwa muda wa sekunde nane hivi, kisha arudie kwa sekunde moja. Utaona tofauti mara moja.

Mguso wa namna hiyo, ukiwa umelala mahali salama, huteremsha mapigo ya moyo na kuifanya pumzi iwe ndefu. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mtu akuhudumie bila kukudai chochote. Ulinzi ukalegea, machozi yakapata nafasi. Nimeyaona mengi katika kazi hii, kwa wanawake na wanaume, na sijawahi kuyahesabu kuwa ugonjwa. Wala si lazima ujue yalikuwa ya nini.

Kosa lilikuwa kubonyeza zaidi. Msuli unaoumizwa hujihami kwa kukaza, hivyo nguvu ile ilibomoa kile ambacho mikono ya mwanzo ilikuwa imejenga. Mimi humwomba mteja anipe namba, 0 ikiwa hakuna maumivu na 10 yakiwa hayavumiliki, na sipendi kuvuka 5. Hata asiposema, mwili wake husema: anabana pumzi, anakunja vidole vya miguu, anakunja ngumi. Hapo mkono unapaswa kupungua papo hapo. Kuuma kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, kama mtu aliyefanya mazoezi asiyoyazoea. Kushindwa kugeuza shingo siku tatu si kawaida, na nasikitika kwamba uliaminishwa ilikuwa sehemu ya tiba.

Mteja akilia, mkandaji anatuliza mkono mahali ulipo bila kuuondoa ghafla, anauliza kwa sauti ya chini kama aendelee, ahamie kwingine au aache, kisha anafuata jibu. Hachimbui kisa cha mtu wala hatafsiri machozi yake. Ushauri nasaha ni taaluma nyingine, yenye watu wake.

Kuhusu kurudi, ningekushauri umweleze kabla hujalala mezani: "Mara ile uliniumiza. Leo nataka taratibu, na nikisema basi, ni basi." Akipokea, mpe nafasi. Akibishana nawe juu ya mwili wako mwenyewe, tafuta mwingine. Nusu saa inatosha kuanzia, na una haki ya kubaki na nguo au kulala ubavu kama kulala kifudifudi kunakubana.

Usitarajie kukandwa kumalize huzuni. Kwa shingo na mabega nafuu huja, lakini mara nyingi ni ya muda, na wasiwasi hupungua kwa saa kadhaa au siku chache. Ikiwa bado hulali, huli vizuri, au huoni maana ya kuamka, zungumza na mshauri nasaha au daktari. Kukandwa kuandamane na hilo.

Kabla ya yote, shingo iliyokaza miezi minne ionwe na daktari, na mkandaji aambiwe kama unatumia dawa za kuzuia damu isigande. Ukipata ganzi au udhaifu wa mkono, usikandwe tena hadi upimwe. Na ikitokea, hasa baada ya shingo kubonyezwa, maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa shingo au kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, au homa pamoja na shingo ngumu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.