Mtunza stoo anadaiwa lengo la makusanyo

SWALI: Nimeajiriwa kama mtunza stoo katika kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa pili. Karatasi pekee niliyonayo ni barua ya ajira ya mistari minne: cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, saini ya mkurugenzi. Miezi kadhaa iliyopita bosi aliniambia kwa mdomo niwe nakusanya na madeni ya wateja. Sasa nimepewa barua nijieleze kwa nini makusanyo hayajafikia lengo. Lengo lenyewe ndiyo kwanza nalisikia. Je, sheria inamlazimisha mwajiri kuniandikia majukumu yangu? Na naweza kukataa hiyo kazi ya madeni?

JIBU: Ndiyo, inamlazimisha. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi. Maelezo ya kazi yametajwa humo waziwazi, pamoja na mahali pa kazi, saa za kazi, aina na muda wa mkataba, na mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Hakisemi "baada ya kipindi cha majaribio", ingawa maofisa utumishi wengi hupenda kusema hivyo. Asiyehusika na kifungu hiki ni anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri huyo, na wewe si wa kundi hilo.

Kukosekana kwa majukumu kwenye barua yako hakuufanyi mkataba kuwa batili. Mkataba upo. Kinachobadilika ni nani atabeba mzigo wa ushahidi. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au taarifa za maandishi, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania. Ukisema uliajiriwa kutunza stoo tu, yeye ndiye wa kuonyesha vinginevyo. Lakini usibweteke: risiti za makusanyo zenye saini yako zinaweza kumpa pa kusimamia.

Kwa hiyo kukataa ghafla sikushauri. Umeshaifanya kazi hiyo kwa miezi, na ukiiacha kesho utakuwa umempa mwajiri kosa jipya la ukaidi, ambalo ni rahisi zaidi kulithibitisha kuliko hilo la makusanyo. Endelea nayo, ila kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inasema jambo lolote kati ya yale ya kifungu cha 15 likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe taarifa zake na kumjulisha kwa maandishi. Bosi kukuambia mlangoni mwa stoo hakutoshi.

Barua ya kujieleza ijibu ndani ya muda waliokupa, hata kama imekuudhi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinataka, kabla ya mtu kuachishwa kwa utendaji duni, iangaliwe kama alikijua kiwango kilichotakiwa, kama kiwango chenyewe kina mantiki, na kama alipewa nafasi ya kukifikia. Jibu lako lisimame hapo. Mfano:

"Niliajiriwa kama mtunza stoo kwa barua yenu. Kazi ya kukusanya madeni niliagizwa kwa mdomo, na sijawahi kupewa lengo la makusanyo kabla ya barua hii. Naomba nipatiwe majukumu yangu na lengo hilo kwa maandishi. Ninaendelea na kazi zote kama kawaida."

Inatosha. Usiongeze habari za nani anapendelewa ofisini. Toa nakala, igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, na nakala hiyo ikalale nyumbani.

Baada ya hapo, mara nyingi mwajiri huamka na kukuletea maelezo ya kazi ya kurasa tatu usaini siku hiyohiyo. Hapo kwanza angalia tarehe. Usisaini karatasi ya leo inayojidai iliandikwa siku ulipoajiriwa. Pembeni ya saini andika "nimepokea" na tarehe halisi. Ikiwa kwa Kiingereza na hukuielewa, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha unaelezwa kwa namna unayoielewa. Kisha soma mstari wa mwisho, ule wa "na kazi nyingine utakazopangiwa". Upo karibu kila mahali na si kosa, lakini kwa maoni yangu unahusu kazi za jirani na ya kwako, kama kuhesabu mali au kupokea mzigo nje ya zamu. Kubeba fedha za wateja mjini ni kazi yenye hatari na dhamana yake, na inastahili mstari wake, lengo lake na, ukiweza kulijadili, posho yake.

Wakikuachisha kazi, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume kwa fomu namba 1. Kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60 tangu ulipotokea. Mazungumzo ya ofisini yasikumalizie siku hizo.