Maswali ya Wasomaji: Kutoka Jukwaani Hadi Mbele ya Kamera

Agosti 2025 mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alirudi jukwaani katika bustani ya Central Park, New York, akiwa Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare. Pacha wa Viola aliigizwa na mdogo wake wa damu, Junior, na mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya. Mapacha hao walipozungumza wao kwa wao, Kiswahili kilisikika katikati ya Kiingereza cha miaka 400 iliyopita. Tangu hapo barua za uigizaji zimetujia kwa wingi, nyingi zikiuliza mtu mmoja anawezaje jukwaa, filamu na katuni kwa pamoja. Tumejibu hizi.

Nimeigiza jukwaani kwa muda mrefu na kikundi chetu. Sasa nimepata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni, lakini kila nikianza mwongozaji ananikatiza: "Punguza!" Nikipunguza anasema nimepoa. Nishike lipi?
*Msomaji, Tanga*

Neno hilo "punguza" limewapoteza wengi. Hisia zibaki zilivyo, na hamu ya mhusika kupata anachokitaka ibaki ilivyo. Kinachopungua ni umbali unaoutupia maneno. Jukwaani unamsemesha mama aliyekaa safu ya mwisho, mbele ya kamera unamsemesha mtu aliye mita moja kutoka kwako. Ukimdai mwenzako kitu kwa nguvu ileile ila kwa sauti ya chumbani, hutapoa.

Kabla ya kurekodi, muulize mpiga picha fremu yako, yaani eneo linaloonekana kwenye picha, inaishia wapi. Ni swali la kazi, hakuna atakayekuona mshamba. Kwenye shoti pana mwili wote unaonekana, kwa hiyo mikono na miguu ina kazi. Kwenye klozapu, yaani picha ya uso kwa karibu, kichwa kikisogea sentimita kumi tu kinaweza kutoka kwenye fremu au kwenye fokasi (ukali wa picha). Waigizaji wa jukwaani huja na makosa yaleyale: nyusi zinapanda kwa kila neno zito, kichwa kinatikisika kila wanaposisitiza, na macho yanaruka kutoka jicho moja la mwenzao hadi la pili. Hilo la mwisho mtazamaji analisoma kama wasiwasi au uongo. Chagua jicho moja la mwenzako, lile lililo upande wa kamera, ubaki nalo.

Alama ya tepu sakafuni, ile inayoonyesha unapotakiwa kusimama, nayo ina ufundi wake. Simama juu ya alama, kisha rudi kinyumenyume hadi mahali unapoanzia huku ukihesabu hatua. Ukienda mbele kwa hesabu hiyohiyo utafika bila kuangalia chini. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kurekodi.

Halafu kuna mwendelezo, na hapa ndipo watu wa jukwaani wanapowaudhi wahariri wa picha. Tukio moja litarekodiwa mara kadhaa: shoti pana, klozapu yako, klozapu ya mwenzako. Ukiinua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "nyumbani", basi kila teki, yaani kila mara tukio linaporekodiwa, iwe mkono huo, neno hilo. Ukibadilisha, vipande haviungani, na mhariri atalazimika kuiacha teki yako nzuri kuliko zote. Dawa yake ni kuchagua vitendo vichache na kuviandika pembeni mwa skripti kwa penseli. Klozapu ikiwa ya mwenzako, usimwingilie maneno hata kama kwenye mazoezi mlikuwa mnakatizana, maana sauti mbili zikishapandana kwenye rekodi moja hazitenganishwi vizuri. Ule mkatizano mwachie mhariri.

Jambo la mwisho: uliza mpangilio wa shoti za siku. Mara nyingi shoti pana hutangulia na klozapu hufuata saa moja au mbili baadaye. Ukimaliza machozi yote kwenye shoti pana, ambako uso wako ni mdogo kama kidole gumba, klozapu itakukuta mkavu.

Zoezi la nyumbani: chagua maneno ya mistari minane. Jirekodi kwa simu ikiwa mita mbili, kisha mita moja, kisha nusu mita. Tazama zote tatu ukiwa umezima sauti. Ile ambayo uso unaendelea kuhangaika ilhali maneno yameisha ndiyo ya kurekebisha.

Wengi wanasema Lupita alibahatika: filamu moja, Oscar. Je, ni kweli?
*Msomaji, Kisumu*

Tazama tarehe. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983 na kukulia Kenya. Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet wa Shakespeare na kundi la Phoenix Players, Nairobi. Baadaye akafanya kazi nyuma ya kamera, akasomea filamu na maigizo Hampshire College nchini Marekani, na mwaka 2009 akatoa filamu ya ukweli kuhusu watu wenye ualbino Kenya, yeye mwenyewe akiwa mwongozaji. Akaigiza kwenye Shuga, mfululizo wa televisheni. Alihitimu shule ya maigizo ya Yale mwaka 2012, na Machi 2014 akapokea Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave. Kati ya Juliet na Oscar kuna zaidi ya miaka 15. Bahati ilikuwepo, hatukatai, lakini ilimkuta kazini.

Kuna kipande cha safari hiyo ambacho hakisemwi sana. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi Yale, alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake waliotekwa na kamanda wa waasi wakati wa vita vya Liberia. Mwaka 2015, Oscar ikiwa tayari kabatini, alirudi kwenye tamthilia hiyohiyo katika ukumbi wa Public Theater, New York, na mwaka 2016 ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Huko aliteuliwa kuwania Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani.

Vikundi vyetu vingi havina mwigizaji wa akiba, ndiyo maana mtu mmoja akishikwa na malaria shoo nzima inaahirishwa. Haigharimu kitu kuwa naye. Kundi la watu wanane linahitaji wawili wa akiba, kila mmoja akishika nafasi mbili au tatu. Awe na daftari lenye safu tatu kwa kila tukio: neno linalomwingiza, anaingilia upande gani na anakwenda wapi, na anashika kitu gani. Ahudhurie mazoezi akiwa ameketi mahali anapoona jukwaa lote. Mara moja kwa wiki mpeni nusu saa afanye nafasi hizo kwa miguu yake. Anayekariri maneno bila kutembea hugongana na wenzake usiku wa kwanza.

Tunaonyesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi jioni sauti yangu inakwaruza, Jumapili haipo kabisa. Nakunywa tangawizi na asali, wapi!
*Msomaji, Mwanza*

Tangawizi na asali hutuliza koo, ila haziendi kwenye nyuzi za sauti. Chochote unachomeza hupita njia ya chakula, nyuzi ziko njia ya hewa. Hata maji huzifikia kwa kuzunguka mwilini kwanza. Kwa hiyo kunywa kidogokidogo kuanzia asubuhi. Lita nzima dakika tano kabla ya shoo itakupeleka chooni tu. Kuvuta mvuke wa maji ya moto kwa dakika tano hadi kumi ndiko kunakogusa njia ya hewa moja kwa moja, ila usikaribishe uso ukaungua.

Broadway wanafanya maonyesho nane kwa wiki, na wanaomaliza msimu wakiwa na sauti ni wale wanaoipasha moto na kuipumzisha. Kabla ya shoo tenga dakika 15. Anza kwa kuvuma mdomo ukiwa umefumba, sauti ya katikati, dakika tatu. Kisha tetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, ukipanda na kushuka, dakika tatu. Halafu chukua mrija, uzamishe sentimita tatu hivi kwenye glasi ya maji, utoe sauti ya "uuu" kupitia mrija maji yakitoa mapovu sawasawa, dakika tano. Mashavu yasivimbe. Msukumo unaorudi kutoka kwenye maji huzisaidia nyuzi kutetema bila kugongana kwa nguvu. Malizia kwa kusema mistari yako migumu, polepole, midomo ikifanya kazi kupita kiasi. Shoo ikiisha, rudia mrija dakika mbili.

Sasa yale ya kuacha. Usisafishe koo kwa "hm-hmm", meza mate au funda la maji. Usinong'one ukidhani unapumzika, kwa wengi kunong'ona kwa nguvu kunachosha nyuzi, nyamaza. Kelele za mhusika zifanyie mazoezi kwa ukamilifu mara moja au mbili tu kwa siku, na mara nyingine zote zionyeshe kwa mwili huku sauti ikiwa ya kawaida. Mwongozaji anayedai upige mayowe halisi kila jioni kwa wiki sita, mweleze hivi: akipata mayowe sita mazuri mazoezini atakosa usiku wa watazamaji.

Sauti isiyo ya kawaida ndiyo hatari zaidi. Katika filamu ya Us (2019) Lupita aliigiza watu wawili, mmojawapo mwenye sauti ya kukabwa inayokatikakatika, na aliiandaa kwa msaada wa wataalamu wa koo na sauti. Kwetu mtu anajibunia sauti ya mchawi Jumatatu, anaichuna koo hadi Jumapili. Ikiwa sauti uliyobuni inakuuma baada ya dakika mbili, ibuni upya. Na ukikwaruza zaidi ya wiki mbili, muone daktari wa masikio, pua na koo. Sauti ikikatika ghafla katikati ya yowe, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Nimeitwa kwenye usaili wa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia ya kigeni. Ni sawa na kuigiza?
*Msomaji, Mombasa*

Ni kuigiza, umenyimwa uso tu. Lupita ameigiza kwa sauti peke yake zaidi ya mara moja: mbwamwitu katika The Jungle Book ya 2016 na roboti katika The Wild Robot ya 2024.

Simama, usikae, tumbo likikunjwa pumzi inakatika. Maiki iwe shubiri moja hivi kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge moja kwa moja. Vaa nguo za pamba, vua bangili, zisisikike kwenye maiki. Tofaa la kijani husaidia mdomo unaotoa milio ya mate. Kwenye kuingiza sauti, tatizo kubwa ni urefu: sentensi ya Kiswahili mara nyingi hurefuka kuliko ya asili, na mdomo wa kwenye picha unafunga wewe hujamaliza. Omba ruhusa ya kufupisha maneno kuliko kukimbia. Anayekimbia anapoteza uhusika mara moja.

Nimeombwa nitume video ya usaili kwa simu. Nifanyeje isionekane ya ovyo?
*Msomaji, Bukavu*

Simu ishikwe kwa mlalo, isiwe wima, labda kama wameomba vinginevyo. Lensi iwe usawa wa macho, fremu kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Ukuta mtupu nyuma, dirisha mbele yako na siyo mgongoni. Anayekusomea maneno ya wahusika wengine asimame pembeni kabisa mwa lensi, asome kwa sauti ndogo kuliko yako, maana yeye yuko karibu na maiki ya simu. Zima feni, subiri jenereta la jirani linyamaze. Kariri. Tuma teki moja, au mbili kama zinatofautiana kweli. Faili liandike jina lako na la mhusika.

Je, nikitaka kuwa mwigizaji wa kila aina, nikubali kila kazi?
*Msomaji, Dodoma*

Hapana. Angalia nafasi zako tatu za mwisho: zote zikiwa za mke anayelia, ya nne tafuta nyingine hata kama ni ndogo na malipo ni kiduchu. Lakini kabla ya kutia saini, sema unachokiogopa: mbwa, maji, pikipiki, urefu. Lupita alikuwa anaogopa paka, na katika A Quiet Place: Day One ilibidi aigize na paka karibu filamu nzima. Alipata muda wa kuwazoea kwa sababu jambo hilo lilijulikana mapema. Ukilisema siku ya kurekodi, watu arobaini wanakusubiri.