Kabla hujajitoa kwenye mechi, tazama nani anakutumia chakula

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimefungwa mechi sita mfululizo Age of Empires II, wenzangu wa timu wananitukana. Niache?" Hilo ni gemu la kompyuta la kujenga himaya na kupigana. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mtukanaji wa timu nilikuwa mimi.

Hili sijawahi kulisema. Mwaka juzi, mechi ya wanne kwa wanne, nachezea Ethiopia, moja ya mataifa ya kuchagua ndani ya gemu, nimepangwa pembeni. Dakika ya 11 maadui wawili wakaniingilia kwa pamoja, mmoja na wapanda farasi, mwingine na wapiga mishale. Wanakijiji wangu 24, wale wafanyakazi wa kuchuma mbao na chakula, wakabaki 9, wamejibanza ndani kama vifaranga vimeona mwewe. Mbao hakuna, chakula hakuna. Nikaanza kumwandikia jirani yangu, yule wa rangi ya njano: umelala? unacheza au unatazama? Na mengine ambayo mama akiyasoma atanikana. Nikajitoa, nikazima kompyuta, nikalala na njaa.

Asubuhi nikafungua rekodi ya mechi nitafute ushahidi wa kumwanika. Nikakuta wa njano kasimamisha mambo yake yote, kajenga soko kwa mbao 175, ananitumia chakula. Wachezaji mnajua: kabla hujagharamia maboresho ya kupunguza ushuru, soko linatoza asilimia 30, kwa hiyo kila 100 niliyopokea ilimtoka 130. Alituma mara tatu. Taarifa zilitokea kwenye kioo changu mwenyewe, sikuziona. Nilikuwa nabofya matusi.

Na wenzangu walishinda. Watatu kwa wanne, dakika ya 52. Wa njano akaandika "gg", yaani mchezo mzuri, basi. Hakunitaja. Afadhali angenitukana, mpaka leo inaniuma.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, tumeimba tangu shule ya msingi. Mimi nilidhani ni adabu ya mwisho wa mchezo, ya kupeana mikono. Kumbe kazi yake inaanza dakika ya 11, nyumba zinapoungua na kidole kiko kwenye kitufe cha kujitoa. Gemu la mwaka 1999, likakarabatiwa 2019, linamfundisha adabu mtu mwenye ndevu!

Sote tunataka kupanda, tusidanganyane. Nilikuwa na pointi 870 kwenye orodha ya viwango vya wachezaji, miezi minane baadaye nikagusa 1,140, na mbinu sikubadilisha hata moja. Nilichobadilisha ni kutojitoa mpaka timu nzima ikubali. Wanakijiji 9 wanatosha kuanza upya shamba nyuma ya msitu, na adui anayekuhangaikia wewe hamgusi mwenzako. Mkono ukiwasha kuandika tusi, andika unachohitaji: "mbao 200". Ukifungwa, tazama rekodi kwa jicho la mwenzako kabla ya jicho lako. Na usijitoe. Vijana tuna pupa, tunataka ushindi wa dakika 20, tukikosa tunatafuta wa kumlaumu. Hivyo hivyo kazini, hivyo hivyo kwenye ndoa, lakini hayo niyaache.

Nasema tena, usijitoe.

Wewe uliyeniandikia, Jumamosi saa tatu usiku nitakuwa mtandaoni, Ethiopia kama kawaida, maana kila nikipanda enzi, yaani ngazi ya maendeleo ndani ya gemu, napata chakula 100 na dhahabu 100 za bure. Ukibanwa niambie unataka nini. Soko nitakuwa nimeshajenga.