Re: Bingwa wa gofu wa ridhaa aliyeusaidia mchezo yupo?

Mkuu ulieuliza kama kuna bingwa wa gofu wa ridhaa, halipwi hata senti, halafu akaufanyia mchezo kitu cha maana, yupo, Bobby Jones wa Marekani. 1930 alibeba mataji yote 4 makubwa ya enzi hizo akastaafu na miaka 28, ndo akajenga uwanja wa Augusta na wenzake na 1934 wakaanzisha mashindano ya gofu ya Masters. Ila mi namkubali kwa mashindano ya US Open ya 1925, mpira wake ulisogea kidogo kwenye majani, waamuzi hawakuona, akajishtaki mwenyewe akaongezewa pigo moja (kwenye gofu mwenye mapigo machache ndo mshindi), akamaliza sare na Willie Macfarlane akafungwa kwenye marudiano. Yani sisi mashabiki wa soka wa Kirumba, Mwanza, tuliozoea straika akipulizwa na upepo wa ziwa anadai penati, huyo tungemwita mshamba aisee.