Shangazi wa Mbio: Familia imechoka kunisubiri

*Shikamoo shangazi. Mwezi ujao nakimbia nusu marathoni yangu ya pili, na ninatamani twende wote: mume wangu, watoto wetu wa miaka 6 na 10, na marafiki zangu wawili wasiokimbia. Mara ya kwanza walisimama juani kwenye mstari wa kumalizia zaidi ya saa mbili, na bado nikapita wasinione. Mdogo alilia. Sasa mume wangu anasema bora wabaki hotelini, niwakute huko. Nifanyeje ili nao wafurahi? – Mama wa Wawili*

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana hoja. Kumsimamisha mtu juani saa mbili ili akuone sekunde tano, tena asikuone, ni kumchosha bure. Na akiamua kubaki, usichukulie kwamba hajali. Eliud Kipchoge alianza kukimbia marathoni mwaka 2013, lakini mkewe na watoto wao watatu walikwenda kumtazama kwa mara ya kwanza Oktoba 2019 kule Vienna, siku alipomaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ushindi wake wote wa marathoni wa kabla ya hapo aliupata wao wakiwa mbali. Kwa hiyo waalike, ila usiwadai. Anayetaka kulala alale, aje baadaye.

Watakaokuja, wape saa na wape kazi.

Saa kwanza. Hukunitajia kasi yako, basi tuchukulie dakika 6 kwa kilomita. Kilomita ya 5 utaipita baada ya dakika 30, ya 10 baada ya saa 1, ya 15 baada ya saa 1 na nusu, na kilomita zote 21.1 utazimaliza kwa saa 2 na dakika 7 hivi. Ukichoka ukakimbia kwa dakika 6 na nusu, pale kilomita ya 15 utachelewa dakika 7 au 8 tu. Maana yake watakungoja hapo kama dakika kumi. Mwandikie mumeo hesabu hiyo kwenye karatasi, na aianze pale wewe unapovuka mstari wa kuanzia, si pale mlio unapolia. Kwenye mbio yenye watu wengi, aliye nyuma hujivuta muda mrefu kabla hajaufikia mstari. Kama waandaaji wana programu ya kufuatilia wakimbiaji kwa namba, aipakue mapema, lakini karatasi asiitupe: watu wakijaa, mtandao nao hujaa.

Mahali pa kusimama pasiwe kwenye mstari wa kumalizia. Pale pana uzio, pana vurugu, na kila mtu anamtafuta wa kwake. Kati ya kilomita ya 14 na ya 17 ndipo penyewe. Wakimbiaji wameshaachana, watazamaji ni wachache, na wewe ndipo miguu inapoanza kukuuliza maswali. Sauti ya mwanao hapo inafaa kuliko kelele zote za mwisho. Kubalianeni pia upande, kulia au kushoto kwa jinsi wewe unavyokimbia. Watu husahau hili, halafu mama anapita upande huu, watoto wanachungulia ule. Mkubwa ashike kitambaa cha rangi kali kwenye fimbo, akiinue juu ya vichwa. Wao wanatazama mamia ya sura zinazopita mbio. Wewe unatafuta kitambaa kimoja. Ni rahisi wewe kuwaona wao kuliko wao kukuona wewe.

Mdogo mpe kazi ya kukupiga kiganja ukipita. Mzoeshe nyumbani: mkono wazi, asiushike wako, asikanyage barabarani. Marafiki zako waambie wasipige kelele za “umeshamaliza!” kama zimebaki kilomita sita. Mkimbiaji aliyechoka huamini, kisha huvunjika moyo. Wakuite jina, na wataje umbali wa kweli.

Mkubwa mkabidhi pia kibegi chenye fulana kavu na sweta. Ukisimama, misuli inaacha kutoa joto lakini jasho linaendelea kukupoza, na unaweza kuanza kutetemeka hata siku isiyo na baridi. Wakutane nawe kwenye kitu kisichohama, mti au sanamu mliyoiona jana yake, mbali kidogo na uzio.

Hiyo siku ya jana yake, chukueni namba yako ya mbio asubuhi mkiwa wote. Baada ya hapo wao watembee, wewe ukae uinue miguu. Usiwazuie chumbani eti kwa sababu unapumzika. Na kama kuna mbio fupi za watoto, waandikishe, maana mtoto mwenye namba yake kifuani haulizi tena “tunaondoka lini?” Mchana baada ya mbio ni wao wachague pa kwenda, nawe ufuate, hata kama ngazi utazishuka kinyumenyume.

*Shangazi, tuko marafiki watatu, na mmoja ana kasi kutuzidi. Tumeahidiana kukimbia pamoja na kumaliza tumeshikana mikono. Inawezekana? – Watatu*

Inawezekana kama mwenye kasi amekubali toka moyoni, na kabla ya siku yenyewe. Tofauti ya sekunde 30 kwa kilomita ni zaidi ya dakika 10 kwenye nusu marathoni; hilo si jambo la kuamuliana njiani. Ninachokihofia zaidi ni aliye taratibu kuona haya, akajilazimisha kilomita za mwanzo, kisha akaburura miguu hadi mwisho. Kasi yenu iwe yake tangu hatua ya kwanza. Mpimeni kwa mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi nzima bila kuhema, mmekwenda mno.

Njia ya pili ni kuwa pamoja hadi kilomita ya 10, kisha kila mtu na miguu yake, na waliotangulia kumaliza warudi kando ya barabara kumshangilia mwenzao. Mimi ningechagua hii.

Mkishikilia ile ya mikono, msijipange watatu kwa safu njia nzima. Kaeni pembeni, wengine wapite. Shikaneni mita za mwisho tu, na mkishavuka sogeeni mbele. Nyuma yenu kuna watu wanaokuja kwa kasi.